Jiwe Halikauki

Ripoti iliyomfukuza kazi mama yake ilianza na ukweli mtupu, na ubaya wake ulilala hapohapo. Ingeanza na uongo, Binti angeitemea mate na kuisahau. Lakini ilianza hivi: "Maada haizuki wala haipotei." Nani atabishana na hilo? Kisha ikaendelea kwa upole uleule: "Kilo kumi na saba za magadi hazipo ghalani. Kwa kuwa haziwezi kupotea, zimechukuliwa. Mwenye ufunguo ni mmoja."

Mwenye ufunguo alikuwa mama yake. Mwandishi alikuwa baba yake mkubwa.

Ilisomwa kwenye vipaza sauti vya kiwanda saa moja asubuhi, zamu moja ikitoka na nyingine ikiingia, ili pasiwe na sikio la kusingizia kwamba halikusikia. Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, amesimama nje ya lango na sare ya shule, akimletea mama kitambaa alichokisahau nyumbani. Alimwona akitoka katikati ya watu, mgongo umenyooka, uso mkavu. Wanawake waliokuwa wakimsalimia kila siku walijifanya wanatafuta kitu ndani ya mikoba yao. Mama alipofika langoni hakukipokea kitambaa. Alisema maneno machache tu, kana kwamba anaongea na lango.

"Yalikuwa yanakauka. Nilimwambia yanakauka."

Kiwanda kilitengeneza sabuni ya unga, na sabuni ya unga haiendi bila magadi. Siku zote magadi yalikuja yakiwa unga mkavu. Mwaka ule unga uliadimika, msambazaji akaleta fuwele: vipande vinavyong'aa kama barafu, ukivishika unahisi ubaridi. Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa mkemia. Wafanyakazi walimwita Mizani, kwa sababu hata sukari ya chai yake aliipima kwenye mizani ya maabara. Akaamuru fuwele zitolewe kwenye magunia na kutandazwa kwenye trei za mbao, madirisha ya wavu yaachwe wazi, zipigwe upepo zisigandamane. Kilikuwa kiangazi, upepo wa kupasua midomo. Siku ya kumi mama, aliyekuwa mtunza ghala, alimwendea.

"Shemeji, yale mawe yako yanageuka unga. Kila asubuhi nayakuta yamepauka zaidi, na trei nikiinua naziona nyepesi. Nadhani yanakauka."

Baba Mkubwa alicheka mpaka akavua miwani. "Shemeji! Nguo inakauka. Kidonda kinakauka. Jiwe halikauki."

Maabara nzima ikacheka naye. Wiki mbili baadaye trei zilipandishwa kwenye mizani. Zilizoingia zikiwa na kilo sitini zilikutwa na arobaini na tatu.

Kuanzia siku ile mama alipoteza jina. Mtaani wakamwita Kumi na Saba. Akipita na ndoo: "Kumi na Saba, leo umebeba ngapi?" Akiingia dukani, muuzaji anasogeza bidhaa nyuma ya kaunta huku anatabasamu. Akawa anafua nguo za watu kwa mikono, na sabuni aliyoitumia ilitoka kiwanda kilekile, na kwenye kila pakiti palikuwa na sahihi ya mkemia. Hata kumlaani shemeji yake hakuweza. Kazi ile alikuwa amepewa naye, baada ya mumewe kufariki, na kila alipofungua mdomo ukoo ulimfunga: mtu kakubeba na mtoto wako, halafu unamtukana?

Binti hakutukana. Alihifadhi ile ripoti kichwani, neno kwa neno, akaenda nayo chuoni.

Mwaka wa pili, kwenye maabara ya chuo, mwalimu aligawa fuwele za magadi kwenye visahani vya kioo. Pima, alisema, andika, acha wazi, kesho pima tena. Kesho yake namba ilikuwa imeshuka. Keshokutwa ikashuka zaidi, na vipande vilivyokuwa vinang'aa vikawa na vumbi jeupe. Mwalimu akauliza: kimepungua nini? Wengine wakasema fuwele zimeliwa na hewa. Mwalimu akaweka chache kwenye neli ya kioo, akazipasha moto kwa taa ya spiriti. Juu kwenye shingo ya neli, palipokuwa baridi, matone madogo yakajipanga.

"Maji," akasema mwalimu. "Fuwele hii imejengwa kwa magadi na maji pamoja, na maji ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Yakipata nishati ya kutosha, kutoka kwenye moto au kutoka kwenye joto la hewa tu, yanaachia. Hayajapotea. Yamehama. Mkitaka kusema maada haipotei, kwanza zibeni chupa."

Binti alianza kucheka. Alicheka mpaka mwalimu akamtoa nje, na huko nje kicheko kikageuka kitu kingine, akakaa chini ukutani. Kanuni ile ilikuwa kweli. Aliyeitumia hakuziba chupa. Na mwanamke asiye na cheti hata kimoja alikuwa ameona kilichopo, akakisema, akauliza. Hiyo ndiyo sayansi. Nyingine ilikuwa koti jeupe.

Angeweza kuandika barua siku ileile. Hakuandika. Barua ingesomwa na watu wawili, ingefungiwa kabatini, na Baba Mkubwa angesema, "Ah, mtoto anampenda mama yake." Alitaka mtu yule aingie mwenyewe kwenye ile sentensi yake, afunge mlango kwa ndani, kisha atafute pa kutokea.

Alipohitimu akaomba kazi kiwandani. Baba Mkubwa akampokea kwa mikono miwili, akamtembeza idara zote. "Mwanangu huyu. Damu yetu. Mnaona?" Nyumbani alimwamkia shikamoo, kazini alimwita Mkemia. Alipima kila kitu mara tatu na kusoma mpaka namba ya mwisho baada ya nukta, hadi wapakiaji wakambatiza Dada Nukta. Mama hakupenda. "Unakula sahani moja na yule mtu," alimwambia. Nukta akajibu, "Nakula, Mama. Ila sijashiba."

Miaka miwili alingoja. Mwaka wa tatu, kiangazi, msambazaji akapiga simu: unga umeadimika, zipo fuwele.

Simu aliipokea Nukta. Alipoiweka chini akafungua daftari.

Wakati huo Baba Mkubwa alikuwa anakaribia kupandishwa kuwa mkurugenzi wa ufundi. Meneja, mwanamke aliyehamia mwaka uliopita na asiyejua habari za zamani, alikuwa ameshaagiza kibao cha mlango cha mkurugenzi huyo mpya. Nukta akaingia ofisini kwa mkemia na daftari lake.

"Mkemia, fuwele zinakuja. Tusirudie yale mambo ya zamani. Naona ufunguo wa ghala ukae kwako peke yako. Mlango upigwe lakiri kwa muhuri wako. Asiingie mtu, hata mimi, mpaka siku ya kupima."

Akavimba kama mkate. "Ndiyo maana nasema wewe ni damu yangu. Unafikiri."

"Na tuziache kwenye madumu yenye kifuniko, au?"

Swali hilo aliliuliza mara moja tu, akiangalia daftari, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha. Moyoni aliomba ajibu vibaya.

Baba Mkubwa akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kidogo kuliko inavyopaswa kunyamaza mtu asiye na la kufikiri. Nukta aliliona hilo na hakulielewa. Kisha mzee akatazama mlango. Nje walikuwa wasimamizi watatu waliofanya naye kazi miaka ishirini, wanasikiliza.

"Trei," akasema. "Kama siku zote. Madirisha wazi."

Fuwele ziliingia zikiwa na kilo sitini na moja kamili. Meneja akasaini, mkemia akasaini. Kabla mlango haujafungwa, Nukta alichota kilo moja, kwenye trei zikabaki sitini, akaitia hiyo moja kwenye chupa ya mdomo mpana, akaikaza kifuniko cha mpira, akaomba nayo ipigwe lakiri. "Ya kulinganishia tu," alisema. Hakuna aliyeuliza inalinganishwa na nini. Mkemia akapiga muhuri wake bila kuitazama chupa.

Upepo ulivuma wiki tatu na siku mbili. Kila asubuhi Nukta alipita mbele ya lile ghala, akanusa hewa kama mpishi anayepita karibu na chungu.

Siku ya kupima aliomba wasimamizi wote wawepo. Meneja alikuwepo, kalamu mkononi. Mkemia akaikagua lakiri mbele ya watu: nzima. Akafungua kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Trei zikatolewa. Kwenye trei hapakuwa na kinachong'aa. Ulikuwa unga mweupe, mwepesi, unaoruka ukiupumulia. Wakaujaribu mzani kwanza kwa mawe ya mizani, ukasema kweli. Kisha wakapandisha mzigo.

"Arobaini na moja nukta sita," Nukta akasoma. Akangoja kidogo. "Zimepungua kumi na nane nukta nne."

Meneja akageuka. "Zimepungua vipi? Lakiri si nzima?"

"Nzima, Meneja."

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

Msimamizi wa mapipa, mzee mwenye meno mawili mbele, akaguna: "Shingoni kwa Mizani."

Hapo ndipo Nukta alipofunga daftari. Hakuwa na haja nalo. Akayasema maneno polepole, kwa sauti ileile ya vipaza sauti.

"Maada haizuki wala haipotei. Kilo kumi na nane nukta nne za magadi hazipo ghalani. Kwa kuwa haziwezi kupotea, zimechukuliwa. Mwenye ufunguo ni mmoja." Akamtazama. "Baba Mkubwa, hiyo ni kazi yako, nimebadilisha namba tu. Majibu yapo mawili. Ama umeiba, ama ripoti yako ilikuwa takataka. Chagua."

"Dada, taratibu..." Meneja alianza.

"Naomba achague, Meneja. Mama yangu hakupewa hata la kuchagua."

Wasimamizi wakatazama viatu vyao. Baba Mkubwa akafungua kifungo cha juu cha koti. Nukta alikuwa amejiandaa kwa kila kitu: atasingizia mizani, atasingizia panya, atasingizia msambazaji. Alikuwa na jibu kwa kila kimoja. Alikuwa na ile chupa iliyozibwa, ambayo bado ilikuwa na kilo moja kamili na fuwele zake zinang'aa. Alikuwa na taa ya spiriti na neli ya kioo mfukoni, awaonyeshe matone.

Baba Mkubwa hakuvihitaji.

"Ni maji," alisema. "Yanatoka kwenye fuwele. Yanakwenda hewani."

Alilisema haraka, bila kuikaribia trei, bila kuugusa unga. Mtu anayegundua jambo hukunja uso kwanza. Yeye hakukunja. Na Nukta, aliyekuwa amekaa miaka mingi akimchukia mjinga, akahisi ardhi inasogea.

"Umejua lini?"

"Mwanangu..."

"Umejua lini?"

"Mwezi mmoja baada ya yeye kuondoka," Baba Mkubwa akasema. "Kuna kipande cha fuwele kilibaki mezani kwangu. Nikaona kimepauka. Nikakipima. Nikakipima tena."

Msimamizi wa mapipa akavua kofia, akaishika kifuani kama yuko msibani.

"Ulijua," Nukta akasema. "Miaka kumi na minne. Ukila kwetu sikukuu. Ukimsalimia mama yangu, 'Shemeji, hujambo?' Ukiwasikia watu wanamwita vile."

"Ningesema nini? Mimi ndiye mkemia! Nani angeamini kipimo changu tena? Nilifidia. Wewe nimekuchukua, nimekufundisha..."

"Hukunichukua. Nilikuja. Na juzi nilipokuuliza habari za madumu ulijua jibu, ukasema trei."

Hapo Baba Mkubwa akainua kichwa, na macho yake yakawa ya mtu anayejitetea kwa mara ya mwisho. "Ningesema madumu, wale waliokuwa pale mlangoni wangeuliza mbona safari hii madumu. Nilidhani safari hii upungufu utakuwa mdogo. Nilidhani nitautafutia maelezo."

"Kwa mtu gani? Safari hii ungemtia nani?"

Baba Mkubwa akageuza uso kwenye trei. Hata Meneja, aliyekuwa hataki aibu kiwandani mwake, alishusha kalamu.

Meneja alijaribu, baadaye, ofisini. Alisema wataandika barua nzuri ya kumsafisha mama, na Mkemia atastaafu kimya kimya, na kila mtu atabaki na heshima yake. Nukta akamwambia heshima ya mama yake ilitolewa kwa vipaza sauti, haiwezi kurudishwa kwenye bahasha. Asome mwenyewe. Kwa sauti yake. Saa moja asubuhi, zamu zikipishana. Na mama awepo.

"Ni mtu mzima, Dada," Meneja akasema. "Atavunjika."

"Na avunjike."

Alisoma Ijumaa. Karatasi iliandikwa na Nukta, na Nukta hakumpunguzia hata neno. Ilisema mtunza ghala aliona fuwele zinabadilika, akatoa taarifa, akachekwa. Ilisema alichokiona kilikuwa kweli. Ilisema mkemia aligundua kosa lake ndani ya mwezi mmoja na akalificha. Katikati sauti ilikatika, vipaza vikatoa mluzi. Nukta, aliyekuwa amesimama kando yake kwenye kile chumba kidogo, akamgusia mstari kwa kidole. "Hapa, Baba Mkubwa. Umeruka." Akaurudia.

Mama alisimama uwanjani amevaa gauni lake la kutokea. Wanawake wa zamani walikuja, wakamshika mikono, wengine wakalia, mmoja akasema, "Tusamehe, dada yetu." Mama aliwaachia mikono yake. Aliomba kitu kimoja: apelekwe ghalani. Akasimama mbele ya trei, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba.

"Niliyaona," alisema. "Si nilisema? Niliyaona kwa macho yangu." Akasema hivyo mara tatu nne, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka msimamizi wa mapipa akaanza kuitikia: "Uliyaona, mama. Uliyaona."

Jumapili akaja shangazi.

Shangazi alikuwa dada wa marehemu baba na dada wa Baba Mkubwa, mwanamke wa sauti kubwa na mwili mkubwa, aliyezoea kuamua kesi za ukoo kabla hajavua viatu. Safari hii alivua, akaketi, akakataa chai.

"Ndugu yangu halali, hali," alisema. "Kazi kaacha. Kile kibao chake cha mlango wamekipeleka kwake nyumbani, kakigeuza uso ukutani. Hataki mtu amwone. Wifi yangu hapa katulia," akamwelekezea mama kidevu, "sijamsikia akidai damu. Wewe je, mtoto uliyezaliwa juzi?"

"Wifi," mama akasema, "mimi usinitie. Muulize mwenyewe, mdomo anao."

"Nakuuliza basi. Kosa kakosa, sawa. Tumekiri. Lakini kuna namna. Ungekuja kwangu. Ungetuita ukoo, tukakaa chini, tukamalizana ndani. Wewe umemtega baba yako kama panya, ukamvua nguo uwanjani!"

"Nimemvua kwa ripoti yake mwenyewe, Shangazi."

"Usinijibu kisomi! Amekununulia madaftari yule!"

"Amenunua madaftari. Jina la mama yangu aliliona linakanyagwa, akapita juu yake na viatu."

"Ni mzee!"

"Hakuwa mzee alipoanza."

Shangazi akavuta pumzi ndefu. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele, kwa sababu Nukta alimpenda shangazi yake na hakuwahi kumwona na machozi. "Mwanangu, sikwambii kwamba ulikosea. Nakwambia hivi: nenda pale, piga goti moja, sema 'nisamehe Baba Mkubwa kwa namna nilivyofanya.' Kwa namna tu. Namna haina uzito. Itamnyanyua kitandani. Ukoo utapumua. Ni maneno mawili. Fanya kwa ajili yangu."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Dirishani upepo ulikuwa umetulia, majirani wanasikika wakigombania kamba ya kuanikia nguo. Nukta alijitazama ndani, akatafuta kwa haki kabisa, kama anavyokagua neli mbele ya mwanga, kama kuna hata chembe ya majuto. Aliikuta huruma, ndogo. Majuto hakuyakuta.

"Shangazi, nimekusikia mpaka mwisho," alisema. "Namna niliyofanya niliichagua, na ningeichagua tena. Mwambie ale, mwambie alale, mwambie chochote unachotaka. Goti sipigi. Radhi siombi."

"Hata kama atakufa na kinyongo?"

"Hata akifa. Siombi."